Juma la Sauti ya S

Asubuhi ya kwanza Katungu aliposimama mbele ya watoto wa maternelle, wale wadogo wasioanza shule ya musingi, mama wanne waliingia wakawatoa wa kwao kwa mukono. Hawakubisha hodi, hata salamu hawakutoa. Mumoja wao, Mukakalisa, mama ya Umugwaneza, alisimama katikati ya mulango, akamutazama Katungu kuanzia kandambili mupaka kitambaa cha kichwa, akasema kwa sauti ya kusikiwa na njia nzima:

"Juzi alikuwa anafagia hapa. Leo ni madamu. Kesho ufagio nao utatufundishia watoto!"

Wenzake wakacheka. Katungu aligeukia darasa. Alihesabu watoto waliobaki, akapata ishirini na nane, akawaambia wasogee mbele.

Ilikuwa mwezi wa pili, mwaka wa 2002, na muji wa Goma ulikuwa bado unatoa moshi. Nyiragongo, mulima wa moto, ilikuwa imetapika majuma manne yaliyopita. Moto ulishuka kupitia Munigi, ukakata muji katikati, ukalala juu ya Murara na kipande kikubwa cha Birere, ukaenda kuzimikia ziwani. Keshero haukufika. Kwa hiyo Keshero ilijaa watu wasio na nyumba, na katika chumba kimoja kwenye parcelle, kiwanja cha mutu, nyuma ya choo, walilala Katungu na mama yake Kahambu. Nyumba yao ya Murara ilikuwa chini ya makoro, yale mawe meusi ya moto, marefu kupita mutu.

Shule ilikuwa ya mbao na bashe, yale maturubai ya wakimbizi. Madamu mwenye diploma alikimbilia Gisenyi siku ya moto, akatuma neno kwamba hawezi kurudi kufundisha juu ya chungu kilicho jikoni. Mama Léonie, directrice, mukubwa wa shule, alizunguka Keshero yote akitafuta mwingine, asipate. Ndipo akamugeukia musichana wake wa kufagia.

"Una certificat ya darasa la sita?"

"Niko nayo, mama."

"Na baada ya sita?"

"Baada ya sita vita ilipanda, mama." Papa yake alipanda lori la bidhaa kwenda Butembo mwaka ule wa rebellion ya kwanza, na lori lilirudi bila yeye. Hakuna aliyelipa masomo tena.

Mama Léonie hakuwa mutu wa kuhurumia. "Nakupa mupaka Pasaka. Watoto wakijua sauti zao, darasa ni lako mwaka mzima. Wazazi wakija kunilalamikia mara moja, moja tu, unarudi kwa ufagio. Na usiniletee machozi."

Katungu hakuleta machozi. Alilitaka lile darasa kuliko alivyowahi kutaka kitu kingine, na kwa sababu hiyo hakusema na mutu juu yake.

Alikuwa na myaka ishirini, na katika hiyo alikuwa amejifunza sana kuangalia. Alipokuwa akifagia aliona kwamba watoto wanapiga kelele "a, bé, cé" kama kuku wanaoona mahindi, lakini ukiwaonyesha neno wananyamaza. Walijua majina ya herufi, hawakujua herufi zinasema nini. Yeye alianzia kinywani. Funga midomo, uvumishe: mmm. Sasa nani atanipa kitu kinachoanza na mmm? Na ili mutoto asitoe jibu la kubahatisha, alimwomba kila mumoja alete kitu kutoka nyumbani. Kitu hicho kiliingia ndani ya mufuko mukubwa wa makaa aliousafisha mwenyewe, kikakaa humo juma zima. Siku ya tano vyote vilipangwa juu ya meza ndefu, wazazi wakaitwa, na kila mutoto akapiga kelele ya sauti yake mbele yao.

Siku hiyo ya tano ilikuwa wazo lake. Alidhani itafunga midomo ya watu.

Juma la mmm lilikwenda vizuri. Vilikuja mukate, muhogo, mufupa, mupira wa manyasi. Mutoto wa kwanza kabisa kuleta alikuwa Twizeyimana, mujukuu wa Papa Hitimana, chef wa avenue yao, mukubwa wa njia ile ya Keshero. Alileta muhuri wa mbao, na vidole vyake vilikuwa vya rangi ya buluu. Katungu aliugandamiza muhuri juu ya kikaratasi ili watoto waone unavyofanya, akasoma polepole. Halikuwa jina la avenue yao, lilikuwa la avenue moja ya Murara. Avenue hiyo haikuwako tena, ililala chini ya makoro, na watu walikuwa wakigombania parcelle zake hata kabla mawe hayajapoa. Karatasi yoyote yenye muhuri huo ingeweza kumupa mutu udongo wa mwenzake. Katungu alifuta vidole vya mutoto kwa majani, akaficha kikaratasi ndani ya blauzi. Kabla ya saa sita Papa Hitimana mwenyewe alikuja kuuchukua muhuri, mbio, shati limefungwa vifungo vibaya.

"Watoto, madamu," akasema. "Wanabebaka kila kitu."

"Ndiyo, papa chef."

Siku ya tano hiyo meza ilifanya kazi yake. Wale watoto wanne waliotolewa walirudishwa, kwa sababu shule nyingine ilikuwa mbali na imejaa wakimbizi. Mukakalisa alimusukuma Umugwaneza ndani bila kumutazama Katungu. Kisha likaja juma la kkk, kikombe, kijiko, kiatu kimoja. Mama mumoja aliinama juu ya vijiko muda murefu. "Namna hii nilikuwa navyo sita," akasema.

Hapo Katungu angepaswa kuelewa. Alikuwa mutu wa kuangalia, lakini hilo halikuingia kichwani. Siku ya moto watu walikimbia wakiacha milango wazi, na wengine waliingia. Redio ilitangaza kwamba vitu vilivyookotwa vipelekwe kwa ma-chef wa avenue. Hakuna aliyepeleka hata uma. Kwa hiyo katika Keshero nzima kila nyumba ilikuwa na kitu cha nyumba nyingine: kimefichwa chini ya kitanda, au kimezoeleka mezani mupaka wenyewe wanasahau kukificha. Na yeye, kwa upole wake wote, alikuwa anawaomba watoto wavitoe muchana, kimoja kimoja, wavipange juu ya meza mbele ya watu.

Juma la tatu lilikuwa la sss.

Sauti hiyo ndiyo Katungu aliyoipenda kuliko zote, kwa kuwa ilikuwa ya kwanza aliyoijua mwenyewe. Mama yake alikuwa mupiga pasi. Murara nzima, watu wa bureau, wale wa kazi za ofisi, walimuletea mashati. Katungu mudogo alikaa chini ya meza, na juu yake pasi ya makaa ilipita juu ya nguo yenye maji, ikasema sss. Siku ya kwanza ya juma, basi, aliwaambia watoto:

"Sikilizeni. Sss. Ni pasi ya moto juu ya nguo iliyolowa. Semeni."

"Ssssss!"

"Kesho kila mumoja aniletee sss yake."

Kesho yake zilikuja sahani na sabuni, ikaja sufuria kubwa yenye kovu pembeni, ikaja saa ya ukutani isiyotembea. Wa mwisho kuingia alikuwa Umugwaneza. Alikuwa amebeba kitu kwa mikono miwili, kimefungwa katika kikwembe, mwili wote umelala upande kwa uzito.

"Madamu, nimeleta sss."

Akafungua. Ilikuwa pasi ya makaa.

Darasa likalipuka. "Hapana! Hapana! Pasi si sss!" Twizeyimana alisimama juu ya benchi. "Ni p! P, p, pasi!"

Umugwaneza akatazama wenzake. "Lakini inasema sss. Madamu alisema."

Siku nyingine Katungu angecheka kwa furaha, kwa maana hapo watoto walikuwa wanabishana kama watu waliojua. Lakini alikuwa ameishika pasi, na mukono wake ulijua kabla ya macho. Mushiko ulikuwa wa mukaratusi, wenye mabonde mawili ya vidole. Papa yake ndiye aliyeyachonga, ule wa kiwandani ulipoungua. Mbele, kwenye kifungio, alisimama jogoo mudogo wa chuma asiye na kishungi. Kishungi hicho Katungu mwenyewe alikivunja akiwa na myaka saba, akapigwa.

Mama yake alikuwa ameililia pasi hii kuliko nyumba. Wote wawili waliamini kwamba iko chini ya makoro.

Aliinama karibu na sikio la mutoto. "Hii mulinunua wapi?"

"Hatukununua," akasema Umugwaneza, naye akanong'ona kwa sababu madamu ananong'ona. "Papa Janvier wa kwetu aliileta siku ya moto, kwa chukudu yake ya mbao ya kubebea mizigo. Mama alifurahi sana."

Katungu akainuka. "Umugwaneza amesikia vizuri," akaliambia darasa. "Ni kweli, pasi inasema sss. Lakini sisi hatutafuti kitu kinacholia sss. Tunatafuta kitu ambacho jina lake linaanza na sss. Kesho atatuletea kingine."

Angeweza kuirudisha saa ile ile, ndani ya kikwembe chake. Hakuirudisha. Aliiweka chini kabisa ya mufuko, na kila alipopita karibu aligusa mufuko kwa mguu, kujua kama ingali mule.

Jioni alimukuta mama yake akikunja nguo za watu alizofua ziwani. Vidole vya Kahambu vilikuwa vimepasuka kwa sabuni na baridi.

"Wamenirudishia tena mashati," akasema Kahambu. "Eti ninawavalisha makunyanzi. Nikawaambia, muende mukamuulize Nyiragongo pasi yangu."

Katungu aliwasha makaa ya ugali. Kama angesema, mama yake angekuwa kwa Mukakalisa kabla ya giza, na kelele ingefika kwa Mama Léonie kabla ya asubuhi. Akasonga ugali.

Siku ya tatu, wakati wa kupumzika, Mukakalisa akaja. Alikuwa mwanamuke murefu, muzuri, mwenye kusimama karibu na mutu mupaka mutu arudi nyuma. Katungu hakurudi nyuma.

"Weye. Unafundisha ama unakusanya? Pasi yangu iko wapi?"

"Ya kwako?"

"Ya nani basi?"

Wakatazamana. Nzi alitembea juu ya mukono wa Mukakalisa, na hakumufukuza.

"Iko na vitu vya wengine," akasema Katungu. "Vyote vinarudi siku ya tano."

"Kule kwenu Butembo ndivyo munafundishaka? Kupekua nyumba za watu kwa mikono ya watoto?" Mukakalisa akashusha sauti, na sauti hiyo ya chini ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Siku ya tano nitaichukua mwenyewe. Halafu nitaingia kwa directrice. Ufagio wako bado uko nyuma ya mulango, nimeuona."

Siku ya tano wazazi walijaa kuliko siku zote. Katungu alipanga meza mapema. Pasi aliiacha ndani ya mufuko, mufuko akausukuma chini ya meza. Mama Léonie alikaa kwenye kiti pekee chenye mugongo. Mukakalisa alisimama mbele kabisa, mikono imekunjwa. Na nyuma, karibu na mulango, bila kumwambia mutu, alikuwa amekuja Kahambu, amevaa kikwembe chake cha misa. Alitaka kuona mutoto wake akifundisha.

"Sss, sahani!" mutoto wa kwanza akapiga kelele.

"Sss, sabuni!"

"Sss, sufuria!"

"Eh!" Sauti ya mwanamuke ilitoka katikati. Alikuwa Nshobole, muuza samaki, aliyepoteza nyumba yake Birere. "Ngoja kwanza. Hiyo sufuria. Geuza upande ule." Hakungoja igeuzwe, alisukuma watu akafika mezani. "Hili kovu! Mimi ndiye niliyeiungisha kwa fundi! Hii ni sufuria yangu!"

"Sufuria zote zina kovu, mama," akasema mwanamuke mumoja kutoka upande wa pili wa meza.

"Kovu hili nalijua kuliko kovu la tumbo langu! Nani aliileta? Nani mwizi?"

"Ukimwita mutu mwizi, onyesha karatasi ya kununulia!"

"Karatasi iliungua, weye mubwa!"

Papo hapo muzee mumoja akainua saa ya ukutani, akaitazama nyuma. "Nilizawadiwa kwenye ndoa," akasema. "Jina letu limeandikwa hapa." Mwanaume mwingine akamunyang'anya saa. Muzee akamushika shati. Sahani zikaanguka. Watoto walikimbilia ukuta wa nyuma, na Katungu akaenda kusimama mbele yao, mikono imetandazwa. Alimuona Mama Léonie akimutazama katikati ya vurugu, bila kupepesa, na Katungu akajua kwamba mama huyo tayari anahesabu malalamiko.

Kelele zilimuleta Papa Hitimana. Alikuja na daftari yake, nyuma yake mwanajeshi wa mouvement, wale waasi waliotawala muji, aliyekuwa analinda njia panda, kijana mwenye macho mekundu na bunduki iliyofungwa kwa kamba ya viatu. Mwanajeshi alipiga mbao za ukuta kwa kitako cha bunduki mara moja. Watu wakarudi nyuma wakisukumana. Katika kusukumana kwa mwisho mutu aligonga meza, meza ikapinduka, mufuko ukamwagika.

Pasi ikaviringika juu ya sakafu ya makoro ya zamani ikitoa mulio, ikasimama, jogoo juu.

Katungu alisikia pumzi ya mama yake kabla hajamuona. Kahambu alipita kati ya watu kama anayetembea usingizini. Akapiga magoti, akaweka vidole vyake viwili vilivyopasuka katika yale mabonde mawili ya mushiko.

"Pasi yangu," akasema. "Bwana Yesu. Pasi yangu haikuungua."

Papa Hitimana akafungua daftari. "Vizuri. Sasa tumefika. Hapa kuna wizi, tena wizi wa siku ya moto, na mukubwa hapa," akamuonyesha mwanajeshi, "ana cachot inayongoja kufungia wezi. Kitu kimoja, jina moja. Nani alileta sufuria?"

Watu waliokuwa wanavutana nguo walitazama miguu yao.

"Muulize huyu!" Nshobole akamuonyesha Katungu kidole. "Anajua. Huyu anaonaka kila kitu, hata alipokuwa anafagia macho yake hayakuwa kwa ufagio."

"Madamu," akasema Papa Hitimana. "Nani alileta sufuria, nani alileta saa, nani alileta pasi?"

Kahambu alimutazama mutoto wake kutoka chini. Na nyuma ya Katungu, kati ya watoto, kidole kimoja kiliinuka. Alikuwa Umugwaneza. Walikuwa wamefundishwa: ukijua jibu, inua kidole. Naye alijua jibu. Katungu alisogea hatua moja upande, kikwembe chake kikamufunika mutoto mzima.

"Ninajua," akasema.

Sauti yake ilikuwa ya kila siku, ile ya kufundishia, isiyo na haraka.

"Sikuandika, lakini ninajua. Nitasema vyote, papa chef. Ila mimi nimezoea kuanza mwanzo. Nitaanza na juma la kwanza, la mmm, mutoto kwa mutoto, na kila mutoto nyumba yake. Twizeyimana ndiye alikuwa wa kwanza kuleta, basi nianze naye. Kitu alicholeta nilikijaribu juu ya karatasi, na karatasi ninayo."

Kalamu ya Papa Hitimana ilisimama. Hakuuliza mujukuu wake alileta nini.

"Baada ya hapo juma la kkk," Katungu akaendelea, na sasa alikuwa anawageukia mama, mumoja baada ya mwingine, akimupa kila mumoja muda wake. "Vijiko sita, nyumba tatu, viwili viwili. Kikombe chenye maua. Kiatu. Halafu hivi vya leo. Na wewe, mama Nshobole, nitakufikia pia, mutoto wako alileta vijiko viwili. Papa chef aandike tu, mimi sina haraka. Nani anataka nianze?"

Nshobole alikuwa bado amekumbatia sufuria yake. Mutu mumoja akakohoa. Muzee wa saa akaketi juu ya benchi la watoto. Kulikuwa na watu wazima arobaini mule ndani, na hakuna aliyesema ndiyo.

"Mwanangu," akasema Kahambu. Alisema kwa Kinande, lugha yao ya Butembo, kisha akarudia kwa Kiswahili, kama anayetaka wote washuhudie. "Ya wengine waachie wenyewe. Sema yangu. Moja tu."

Katungu alihisi Umugwaneza nyuma yake akimuvuta kikwembe. Mwanajeshi alikuwa anakuna shingo kwa ncha ya bunduki.

"Mama, nikisema moja nitasema zote."

"Moja tu, Katungu."

"Siwezi."

Papa Hitimana alifunga daftari. Aliifunga polepole, akaiweka kwapani. "Sioni mashitaka hapa," akasema. "Hizi ni kelele za wanawake. Kila mutoto achukue kitu alichokuja nacho, arudi nacho kwao. Hiyo ndiyo sheria." Akatoka, na mwanajeshi akamufuata, akiwa amebeba kipande cha sabuni ya mutu.

Ndipo, kwa kuwa sasa haikuwa hatari tena, watu wakaanza kuchukua. Nshobole alinyang'anywa sufuria yake na mwanamuke aliyemupigia kelele za karatasi, mbele ya macho ya wote, na wote wakatazama pembeni. Mukakalisa akaja taratibu mupaka pale Kahambu alipopiga magoti. Akanyosha mukono.

"Niliinunua Birere," akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

"Mushiko huu alichonga bwana yangu."

"Basi bwana yako alikuwa anauza vizuri."

Kahambu hakuachia. Mukakalisa akavuta. Vile vidole viwili vikatoka katika mabonde yao kimoja kimoja, na pasi ikapanda juu, ikaingia ndani ya kikwembe. Katungu aliona yote hayo akiwa na mikono yake juu ya vichwa vya watoto. Hakutoka mahali alipokuwa.

Kahambu aliinuka, akakung'uta magoti. "Umeuza pasi yangu," akamwambia Katungu, "ukanunua ubao wa kuandikia." Akapita katikati ya watu, wakamupisha.

Mama Léonie alibaki mupaka chumba kilipokuwa tupu. Aliokota vipande vya sahani mwenyewe, jambo ambalo hakuwa akifanya.

"Darasa ni lako," akasema. "Pasaka ya nini tena? Nani atathubutu kuja kunilalamikia?" Akamutazama kwa muda. "Nilidhani uko mutu mupole. Huo mufuko uuchome."

Katungu aliuchoma jioni hiyo hiyo nyuma ya choo. Chumbani mama yake alikuwa amehamisha mukeka wake upande mwingine.

Siku ya kwanza ya juma lililofuata, watoto waliingia na mawe. Kila mumoja alikuwa na jiwe la makoro mukononi, mawe thelathini na mawili, wakayapanga juu ya meza.

"Mama alisema nilete jiwe tu," akaeleza Twizeyimana. "Kwa sababu jiwe halina mwenyewe."

Hakuna mama aliyeingia. Walisimama nje, upande wa pili wa njia, wakiwaachia watoto watembee peke yao hatua za mwisho. Walipokutana na macho ya Katungu walivuta vitambaa vyao, na mazungumuzo yakakatika mupaka alipogeuka. Mukakalisa peke yake ndiye aliyevuka njia. Alimuleta Umugwaneza mupaka kizingitini. Mutoto alikuwa amevaa jupe, sketi ya buluu yenye mikunjo kumi na miwili, na kila mukunjo ulikuwa umesimama kama makali ya kisu. Mukakalisa akamushika mabega, akamugeuza polepole, mara moja, duara nzima, madamu aone mbele, aone nyuma. Kisha akaenda kusimama nje ya dirisha.

Katungu alivaa blauzi yake ileile, yenye makunyanzi.

"Tupeni mawe nje," akawaambia watoto. "Leo hatuleti kitu. Leo tutatafuta sauti katika kitu kilicho chako kabisa, ambacho hata ukikimbia moto unakimbia nacho. Funga midomo, kisha upasue. P. P."

"P! P! P!"

"Nani ana kitu?"

"Pua!" Twizeyimana akaibana yake. "P, p, pua!" Wote thelathini na wawili wakabana pua zao, wakapiga kelele kwa sauti ya bata, wakacheka, na kwa muda mufupi chumba kile kikawa chumba cha kawaida.

Kidole kikainuka mbele. Umugwaneza alikuwa amekinyosha mupaka bega linakaribia kutoka, na macho yake yanawaka. Alikuwa amekosea mara moja mbele ya wote, na juma zima alikuwa amelibeba kosa hilo.

"Madamu, mimi! Sasa najua! P, p, pasi!"

Dirishani kitambaa cha Mukakalisa hakikutikisika.

Katungu aliangalia mikunjo ile kumi na miwili. Aliihesabu yote. Ukimutoa mama yake, hakuna mutu Goma nzima aliyejua kuliko yeye ni maji kiasi gani yanahitajika, na makaa mangapi, kuusimamisha mukunjo mumoja namna hiyo.

"Ni kweli," akasema. "Pasi inaanza na p. Simama, Umugwaneza. Rudia kwa nguvu, hata walio nje wasikie."